Visu Vikali Visivyokata

Mpaka leo mtu akiniuliza kama mashine yangu ya kupunguzia fensi ina visu vikali, huwa nasita. Nikisema ni vikali, nakumbuka kipindi ambacho vilikuwa vikali mno na havikukata hata jani. Nikisema vilikuwa butu, nitakuwa muongo, maana vilinichana kidole mimi mwenyewe nikiwa navifunga. Jambo lenyewe nimeshalielewa kichwani, lakini moyoni bado linanizungusha.

Tunaishi Machochwe, upande ambao ukipanda juu ya kichuguu unaiona miti ya hifadhi. Nasema tunaishi, ingawa wakati ule sikuwa na uhakika kama neno hilo linanihusu. Mume wangu alikuwa amefariki. Watoto wetu walikuwa sekondari ya bweni. Katika boma tulibaki baba mkwe, shemeji yangu na mke wake, na mimi. Msiba ulipoisha na wageni kuondoka, shemeji alinisemesha pale uani, mbele ya baba yake.

"Shemeji, sisi hatukufukuzi," alisema. "Lakini msimu huu ukishindwa kujilisha na kusomesha wale watoto, utarudi kwenu. Lile shamba la kaka tutalilima sisi."

Kwetu ni Nyangoto, na kule kaka zangu wanagombania ardhi hata ya kusimika choo. Shemeji alilijua hilo vizuri. Nilimtazama baba mkwe kwa jicho la pembeni, nikingoja aseme neno. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anaangalia ng'ombe. Nilikasirika siku ile kuliko nilivyolia kwenye mazishi, na sijui kama ni sawa kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Lazima nieleze kidogo kuhusu baba mkwe na mimi. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatushikani mikono. Hatupeani kitu mkono kwa mkono, unakiweka chini na mwenzako anakiokota. Mimi namwamkia "Shikamoo, baba" nikiwa nimetazama pembeni, naye anaitikia "Marahaba" akiwa amemtazama ng'ombe. Kama ana neno la kunieleza, humtuma mjukuu, na wajukuu wakiwa shuleni, humwambia ng'ombe. Msicheke. Nikiwa nakamua, yeye hukaa upande wa pili wa boma la ng'ombe na kusema kwa sauti, "Wewe ng'ombe, leo mvua itanyesha, nguo za watu zitalowa." Mimi najua cha kufanya, nakwenda kuanua nguo. Kwa miaka yote ya ndoa yangu tulielewana hivyo bila shida. Lakini tangu mwanawe azikwe, hata huyo ng'ombe aliacha kumsemesha.

Basi niliuza mbuzi wangu nikaenda Sirari kununua mashine. Wazo hilo nililipata Mugumu, nilipokuwa nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni. Mji ule umejaa fensi za michongoma, na wanaozikata kwa panga huzikata leo upande huu, kesho wakilewa wanaacha upande wa pili. Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa akilalamika kila siku. Nikajiambia, kazi hii naiweza.

Muuzaji wa Sirari aliniwekea mashine mbili mezani. Moja ilikuwa mpya, rangi ya chungwa inang'aa, na kava la gia lake lilikuwa la plastiki. Nilipoitikisa, kitu kiligonga ndani. Nilipokibonyeza kisu chake kwa kidole gumba, kilipinda. Ya pili ilikuwa imetumika, rangi imechubuka, lakini kava la gia lilikuwa la chuma, mishikio ina mpira mzito, na visu vyake vinene, meno yake yamechongwa mshazari kila upande. Nilivibonyeza, havikunyenyekea.

"Mama, hiyo ya zamani ni mzee wa kazi," muuzaji alisema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo ya mpaka. "Hii mpya ni ya kupiga picha tu. Wewe chukua hii. Lakini ukimaliza kazi, jioni toa visu, osha na mafuta ya taa, anika. Utomvu ukikauka hapo ndani utalia."

Nilichukua ile ya zamani. Mwanzoni iliniheshimu sana. Ukivuta kamba mara chache inawaka, ukiipitisha juu ya michongoma inaacha mstari ulionyooka, na vijiti vinaanguka vimekatwa safi. Mama wa nyumba ya wageni alinipa upande mmoja wa fensi wa majaribio. Alisema akiridhika nitakuwa nakata fensi yake yote kila inapochipua, na atawaambia wenzake. Nilirudi Machochwe nikiimba. Jioni nikavua visu, nikaviosha, nikavining'iniza kwenye kigingi karibu na mlango wa boma la ng'ombe vikauke, kama nilivyoelekezwa.

Siku zilizofuata ndipo mambo yakaanza kunichanganya.

Kila asubuhi nikivichukua visu niliviona vinang'aa kuliko nilivyoviacha. Makali yake yalikuwa ya ajabu. Nilivijaribu kwenye nywele za mkono, zikaondoka zote. Nikadhani ni mafuta ya taa yanasafisha hivyo. Lakini nikivifunga kwenye mashine na kufika Mugumu, mashine inanguruma na haikati. Inalamba. Vijiti vinaingia kati ya meno, vinapinda, vinatoka vimechanika nyuzi nyuzi. Majani yakabaki yamechanwachanwa, na kesho yake ncha zote zikawa za kahawia.

Mama wa nyumba ya wageni alitoka akaangalia fensi yake, akaniangalia mimi.

"Mwenzangu, leo umekuja na mashine au umekuja na mbuzi?"

Fensi kweli ilionekana imetafunwa. Aliniambia atanivumilia hadi mwisho wa wiki, baada ya hapo atamtafuta mtu wa panga, hata akiwa mlevi. Nilitaka ardhi ipasuke pale pale.

Nilianza kutafuta mchawi. Kwanza nikadhani ni petroli ya chupa, wanaichakachua. Nikanunua ya kituoni, nikachanganya oili kwa kipimo, hakuna kilichobadilika. Nikadhani ni plagi. Nikampelekea fundi wa pikipiki pale sokoni Mugumu, akafungua kabureta, akaisafisha, akaivuta kamba, injini ikaimba vizuri hadi watu wakageuka.

"Mama, injini nzima kabisa," alisema. Akagusa visu, akaruka nyuma akinyonya kidole. "Na visu hivi, mh! Vinanyoa. Sasa sijui. Labda michongoma yenyewe ndiyo migumu."

"Michongoma ni ile ile ya wiki iliyopita," nilimwambia.

"Basi mimi sijui, mama yangu. Kitu kikali kinatakiwa kikate."

Maneno hayo nilitembea nayo njia nzima. Kitu kikali kinatakiwa kikate. Nilikaa kitandani nikaigeuza mashine kama mtu anayemgeuza mtoto mwenye homa. Niliangalia kava la gia, hakuna ufa. Niliangalia nati, zimekaza. Nikaanza kuwaza kwamba labda yule muuzaji alinichezea, kwamba mashine nzito yenye chuma cha kweli inaweza kuwa mbovu mahali ambapo macho yangu hayafiki. Nilijiona mjinga. Sijasoma ufundi, mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa vitu, nani kanituma?

Kisha nikaona kitu. Asubuhi moja visu vilikuwa vimening'inizwa upande ambao sikuviweka. Kimoja kilikuwa na mchanga mchanga laini, wa kijivu. Kulikuwa na mtu anavishika.

Sikufikiri mara mbili. Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji, alikuwa anafunga jembe la ng'ombe.

"Visu vyangu unavichezea wewe?"

"Visu gani?"

"Usijifanye. Unataka nishindwe ili unirudishe Nyangoto."

Alinyanyuka taratibu, akapangusa mikono. "Shemeji, nikitaka kukurudisha nitakurudisha mchana, watu wakiona. Mimi na visu vyako wapi na wapi? Ukishindwa, umeshindwa mwenyewe."

Nilirudi ndani na hasira yangu. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nilimwamini. Shemeji ni mtu wa maneno makavu, si mtu wa kujificha. Sasa kama si yeye, ni nani? Mke wake ana mtoto mchanga, hatoki nje mapema. Mbwa havui visu kwenye kigingi.

Kesho yake niliamka kabla jogoo wetu mvivu hajaamka, nikasimama nyuma ya jiko ambapo kichaka cha minyaa kimefunga. Kulikuwa kunaanza kupambazuka. Baba mkwe alitoka amejifunika blanketi, kigoda mkononi na kopo la maji. Alikwenda hadi kwenye kigingi. Akashusha visu vyangu kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu, akakaa mbele ya kinoo chake.

Kinoo hicho kiko kwenye boma tangu kabla sijaolewa. Ni jiwe refu, katikati limebonyea kwa kunoa. Mapanga yote ya nyumba ile, sime, shoka na visu vya kuchinjia vimepita pale, na aliyekuwa akivinoa ni yeye. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alimwaga maji, akakilaza kisu changu kwa tumbo lake bapa, akaanza kusukuma kwa mkono mzima, mbele na nyuma. Akageuza upande wa pili, akasukuma vile vile, jino kwa jino, bila haraka. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo alipima ukali kwa kupitisha kisu kwenye nywele za mguu wake. Aliporidhika alivipangusa kwa blanketi lake, akavirudisha kwenye kigingi, akaenda kufungulia ng'ombe.

Mimi pale nyuma ya minyaa sikujua nicheke, nilie au nikimbie. Yule mtu niliyedhani hataki hata kuniona alikuwa akiamka kabla yangu kila siku kuninolea visu. Na kwa kuvinoa alikuwa anavimaliza.

Hilo la kuvimaliza nililielewa baadaye siku hiyo, na nililielewa kwa mkasi. Nina mkasi wa kushonea ambao msumari wake ulilegea zamani. Makali yake ni mazuri, lakini ukitaka kukata kitambaa kinajikunja katikati, hakikatiki. Nilikuwa nahangaika nao kukata kiraka mkono ukasimama wenyewe. Nikakimbilia visu. Nikavibana pamoja, tumbo kwa tumbo, kama vinavyokaa kwenye mashine, nikavielekeza kwenye jua. Mwanga ulipita kati ya meno. Mwanzoni matumbo yale yalikuwa yamelala sawasawa, hata uzi usingepita. Jiwe lilikuwa limeyala. Kila kisu peke yake kilikuwa wembe, na viwili pamoja havikuwa kitu.

Nilimpigia simu muuzaji wa Sirari. Aliposikia kinoo alipiga kelele, "Mama! Hiyo si panga! Hiyo unapiga tupa kidogo kwa mshazari wa jino tu, tumbo hugusi!" Akacheka, kisha akanihurumia, akanitumia jozi nyingine ya visu kwa basi. Mashine yenyewe haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeitukana bure.

Kwa visu vipya nilifika Mugumu nikakata fensi ile upya, chini kidogo ya pale palipochanika. Mstari ulinyooka. Mama wa nyumba ya wageni alipitisha kiganja juu yake kama anayepapasa kitambaa cha bei, akasema, "Mbuzi wako leo umemwacha nyumbani," na kazi akanipa. Ningetakiwa kurudi nafurahi. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza kigingi.

Nikivianika visu pale, atavinoa, na kazi itaondoka, na mimi nitaondoka nayo. Nikimtuma shemeji amwambie, nitakuwa nimemvua mzee nguo mbele ya mwanawe. Jioni ile nilichagua njia ya woga. Niliviingiza visu ndani, nikavianika juu ya debe la mahindi.

Alfajiri nilichungulia dirishani. Alitoka na kigoda na kopo lake. Alipapasa kigingi. Akapapasa tena, chini yake, labda vimeanguka. Akasimama pale na blanketi lake muda mrefu, kisha akaenda kukaa mbele ya kinoo, akalimwagia jiwe maji ingawa hakuwa na kitu cha kunoa. Niliona aibu. Nilijua anachowaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekiwaza juu yake: huyu hanitaki.

Nilichukua ndoo nikaenda kukamua. Alikuwa amekuja kukaa upande wake wa boma, kimya kama kawaida ya siku zile. Nilikamua, nikakamua, maziwa yakagonga ndoo, na mdomo ukafunguka wenyewe. Sikuwahi kumsemesha ng'ombe kabla ya hapo. Hiyo ilikuwa njia yake, si yangu.

"Wewe ng'ombe," nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Kuna mtu hapa nyumbani anaamka mapema kuninolea visu. Mwambie asante sana. Mwambie havijawahi kuwa vikali namna ile. Ila visu vile si kama panga. Panga linakata lenyewe. Vile ni viwili, vinakata kwa kulaliana matumbo, kama mkasi. Jiwe likigusa tumbo, havikutani tena."

Ng'ombe alipiga mkia. Nikawa nimejuta, nikawa natafuta namna ya kuyarudisha maneno. Kisha kutoka upande wa pili akakohoa.

"Ng'ombe," alisema taratibu, "muulize huyo mama. Maji anachota mwenyewe. Kuni anapasua mwenyewe. Fensi za watu anakata mwenyewe. Na visu vyake havitaki jiwe. Sasa mimi nimsaidie na nini?"

Nililia pale pale, paji la uso limelala kwenye ubavu wa ng'ombe, na mkono unaendelea kukamua. Sikujua nalilia nini hasa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, kwa ukimya wake, hata kwa kufukuzwa. Kwa swali lile sikuwa nimejiandaa.

Sikumjibu kwa mdomo. Niliweka ndoo chini, nikaingia ndani, nikapiga magoti na kuingiza mkono chini ya kitanda. Panga la mume wangu lilikuwa pale tangu azikwe, limefungwa kwenye gunia. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwonyesha mtu. Lilikuwa limeshika kutu hadi kwenye mpini. Nililipeleka nje, nikaliweka chini kando ya kinoo, nikageuka nikamwachia nafasi.

Nilisikia kigoda kinaburutwa. Nadhani alikuwa analipapasa mpini kujua ni lipi. Kisha jiwe likaanza kusema, mbele na nyuma.

Shemeji alitoka kwake akisugua meno kwa kijiti, akasogea hadi pale, akaliona panga la kaka yake.

"Tata, hilo panga umelitoa wapi?" alimuuliza baba yake. "Nalitaka mimi, nikasafishie lile shamba."

Mzee hakuinua kichwa. Alimwaga maji kidogo kwenye jiwe.

"Mura, kijana wangu, hili panga lina mwenyewe," alisema, na alinyoosha kidevu kuelekea mlango wangu. "Na shamba lina mwenyewe. Ni huyo huyo, na yupo nyumbani."

Shemeji alisimama na kijiti mdomoni. Alinitazama, akamtazama baba yake, akarudi ndani. Mimi nilikaa chini mlangoni kwangu nikaanza kuvifunga visu kwenye mashine, maana Mugumu walikuwa wananingoja. Nati moja ikaniponyoka, ikaanguka kwenye majani. Nilikaa nimeinama naitafuta muda mrefu, ingawa nilikuwa naiona.